Folda ya ofisi na mfanyakazi aliye kisiwani: nani apewe ruhusa gani



Wiki hii siasa tuziweke kando. Nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi hulidharau mpaka liwafike: nani ana ruhusa ya kufanya nini katika barua pepe za ofisi, hasa pale baadhi ya wafanyakazi wanapokaa siku mbili au tatu bila intaneti. Huku kwetu pwani jambo hili si geni. Kuna walimu, wahudumu wa afya, maafisa wa vyama na mawakala ambao kazi zao ziko Kiunga, Kipini, Wasini au Pate, ilhali ofisi zao ziko Mombasa au Malindi. Nitaeleza kwa mpangilio, ili atakaye aikate makala hii aiweke karibu na kompyuta ya ofisi.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nina diploma ya teknolojia ya habari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia kwa kujitolea chama kimoja kidogo kinachozisaidia familia zisizojiweza kuomba basari za watoto. Ofisi iko Mombasa, na wafanyakazi watatu wako nyanjani: mmoja Faza, mmoja Kiunga, mmoja Kipini. Wote walikuwa wakitumia sanduku moja la barua pepe lenye folda iliyoitwa Maombi. Niliyeipanga ni mimi. Nikawapa wote ruhusa kamili, kwa hoja kwamba sisi sote ni watu wa nyumba moja, ya nini kuwekeana kufuli.

Mwenzetu wa Faza alikuwa na intaneti ya kubahatisha. Asubuhi moja, akiwa hana mtandao kabisa, aliamua kusafisha folda. Akafuta barua alizodhani zimejirudia. Mojawapo ilikuwa na cheti cha kifo cha baba wa msichana wa kidato cha pili, pamoja na maelezo ya mama yake. Kule Mombasa barua ile iliendelea kuonekana, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Siku ya tatu mwenzetu akapanda boti kuja Lamu mjini, kompyuta yake ikapata mtandao, na ile kazi yote aliyoifanya kisiwani ikapelekwa kwa mpigo mmoja. Barua ikatoweka kwa kila mtu.

Nilipigiwa simu na dada wa ofisini. "Kaka, ile barua ya yule mama siioni."

"Itafute vizuri, dada. Barua haipotei hivi hivi."

"Nimeitafuta tangu jana, kaka. Haipo."

Tuliipata siku ya tisa, ndani ya folda ya vilivyofutwa ya yule mwenzetu wa Faza, wala si ya ofisi. Muda wa kupokea maombi ulikuwa umekwisha siku mbili kabla. Msichana yule alikaa nyumbani karibu muhula mzima mpaka walipopatikana wahisani wa kumlipia. Mwenzetu alilia, na mimi nikamwambia ukweli: kosa halikuwa lake. Nilimpa uwezo wa kufuta mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma na kuongeza tu.

Mambo mawili yanayochanganywa

Msingi wa kadhia hii yote ni kuelewa kwamba ruhusa na nakala ni vitu viwili, na havikai mahali pamoja.

Ruhusa hukaa kwenye seva, yaani ile kompyuta kuu inayohifadhi barua za ofisi. Seva ndiyo inayojua kwamba fulani anaweza kusoma, fulani anaweza kufuta, na fulani haruhusiwi hata kuiona folda.

Nakala hukaa kwenye kompyuta ya mfanyakazi. Ofisi nyingi hutumia Outlook iliyounganishwa na Microsoft 365 au seva ya Exchange. Outlook ile ya zamani inayowekwa ndani ya Windows kwa kawaida huteremsha barua na kuziweka katika faili moja kwenye diski, faili ambalo jina lake huishia na herufi OST. Hilo ndilo linalomwezesha mtu kusoma barua akiwa ndani ya boti. Mtandao ukipatikana, kompyuta na seva hubadilishana habari mpaka pande zote mbili zilingane. Tendo hilo nitaliita kusawazisha.

Sasa tazama. Ukiwa Mombasa ukaondoa ruhusa ya mtu saa nne asubuhi, umeiondoa kwenye seva. Kompyuta yake iliyoko Kizingitini haijui lolote. Barua alizonazo bado anazo, na ataendelea kuzisoma mpaka siku atakayounganisha. Ni kama kumtumia nahodha ujumbe asiondoke, ilhali jahazi limeshatweka tanga. Kwa mfanyakazi aliye kwenye mtandao wakati wote, kosa la ruhusa hurekebishwa ndani ya saa chache. Kwa aliye nje ya mtandao, ruhusa unayompa kabla hajaondoka ndiyo atakayokuwa nayo safari nzima. Kwa hivyo uamuzi wa busara ni ule unaofanywa kabla ya safari.

Ngazi za ruhusa

Katika Outlook, ukibofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukafungua sifa zake na kuingia sehemu ya ruhusa, utakuta orodha ya majina na ngazi. Majina ya ngazi yako kwa Kiingereza, nami nitayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Reviewer ni msomaji. Anaiona folda na kusoma kilichomo. Hawezi kuongeza, kubadilisha wala kufuta.

Contributor anaweza kutia kitu ndani ya folda lakini hasomi vilivyomo. Ni kama sanduku la sadaka msikitini: unatia, hutoi.

Author anasoma vyote, anaongeza vyake, na anaweza kubadilisha au kufuta vile alivyoviweka yeye tu. Vya wenzake havigusi.

Nonediting Author anafanana na huyo, ila akishaweka kitu hawezi kukibadilisha. Anaweza kukifuta tu.

Editor anasoma, anaongeza, anabadilisha na kufuta vya kila mtu. Publishing Editor ana hayo yote na zaidi anaweza kutengeneza folda ndogo ndani yake.

Owner ni mwenye mali. Anafanya kila kitu, ikiwemo kuwapa na kuwanyima wengine ruhusa.

Mwisho kuna None, yaani hakuna ruhusa. Ngazi hii ina umuhimu wake. Katika orodha utaona jina Default, ambalo linamaanisha kila mtu wa ofisi asiyetajwa kwa jina, na jina Anonymous, yaani wasiojulikana. Kwa folda yenye mambo ya watu, yote mawili yawe None. Nimekuta ofisi ambapo Default imewekwa Editor kwa sababu mtu fulani alichoka kuongeza majina moja moja.

Mbali na ngazi za folda, msimamizi wa mfumo anaweza kumpa mtu ruhusa kamili juu ya sanduku zima. Hiyo ndiyo niliyowapa wenzangu. Anayeipata huona folda zote, na mara nyingi sanduku lile hujitokeza lenyewe katika Outlook yake na kuanza kuteremka kwenye diski. Hata hivyo ruhusa kamili haimpi mtu uwezo wa kutuma barua kwa jina la ofisi. Kutuma ni ruhusa nyingine kabisa, nayo iko ya namna mbili: kutuma kama ofisi yenyewe, au kutuma kwa niaba ya ofisi huku jina la mtumaji likionekana. Kwa mfanyakazi wa mbali napendelea hii ya pili, kwani anayepokea barua anajua ni nani hasa aliyeiandika.

Jambo jingine linalowapoteza wengi: ruhusa haiteremki yenyewe kwenda kwenye folda ndogo zilizokwisha kuwepo. Folda ndogo mpya hurithi ruhusa za mama yake wakati inapozaliwa, basi. Ukibadilisha ruhusa za folda mama leo, folda ndogo za zamani hubaki zilivyokuwa. Lazima uzipitie moja moja. Na ili mtu aifikie folda ndogo, ni lazima pia aruhusiwe kuziona zile zilizo juu yake, mpaka kwenye kilele cha sanduku. Kuna kiboksi cha kuonyesha folda kwa ajili hiyo. Kiweke alama bila kumpa ruhusa ya kusoma, na mtu atapita mlangoni bila kuona vilivyomo sebuleni.

Kompyuta ikiwa nje ya mtandao, nini hutokea

Kwanza, kila kitu anachofanya mfanyakazi huwekwa foleni. Barua anazotuma hukaa katika kasha la kutokea. Anazohamisha na kufuta huonekana zimehama na kufutika kwenye kompyuta yake peke yake. Mwenzake wa Mombasa haoni mabadiliko yoyote. Wale wanaosafiri kwenda Pate wanajua boti inavyosubiri maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda. Foleni hii ni hivyo hivyo: kila kitu kimeshapakiwa, kinangoja maji.

Pili, watu wawili wanaweza kubadilisha kitu kimoja bila kujuana. Mtandao ukirudi, Outlook hulazimika kuchagua, na nakala inayoshindwa hutupwa katika folda inayoitwa Conflicts. Folda hii imo ndani ya Sync Issues, na huioni katika mwonekano wa kawaida wa barua. Bonyeza Ctrl na 6 kwa pamoja, orodha kamili ya folda itafunguka na utaiona. Wapo waliofanya kazi miaka bila kujua ipo, na ndani yake mna maelezo waliyodhani yamepotea.

Tatu, ikiwa ruhusa imeondolewa mtu akiwa safarini, kazi yake inaweza kukataliwa anaporudi. Aliyeondoka akiwa Editor na kurudi akiwa Reviewer atakuta baadhi ya mabadiliko yake hayakupokelewa. Mambo ambayo kompyuta imeshindwa kuyafikisha kwenye seva huweza kuachwa katika Local Failures, nayo iko pale pale ndani ya Sync Issues. Kwa hivyo kumpunguzia mtu ruhusa akiwa kisiwani bila kumwambia ni kumdhulumu jasho lake.

Nne, na hili ndilo lililotufika sisi: mtu anapofuta barua kutoka folda ya pamoja, Outlook kwa kawaida huipeleka katika folda ya vilivyofutwa, Deleted Items, ya yule aliyefuta, wala si ya sanduku la ofisi. Ukiitafuta kwenye sanduku la ofisi hutaiona hata ukeshe. Waulize wenzako wote wafungue folda zao za vilivyofutwa kwanza. Kama mtu amezimwaga na hizo, Microsoft 365 huviweka vilivyofutwa kwa siku 14 zaidi mahali pa kuokolea, na msimamizi anaweza kuongeza muda huo ufike siku 30. Ofisi yenye watu wa visiwani haina sababu ya kubaki na 14. Iwekwe 30 leo.

Nani apewe nini

Baada ya yale yaliyotokea nilivunja mpangilio wote na kuanza upya. Badala ya folda moja ya Maombi, tukaweka folda moja kwa kila mahali: Faza, Kiunga, Kipini. Kila moja ikapata ndugu yake wa kazi zilizokwisha.

Mfanyakazi wa nyanjani ni Author katika folda ya mahali pake. Anasoma, anaongeza maombi mapya, anarekebisha aliyoyaweka mwenyewe. Hawezi kufuta barua iliyoingia kutoka kwa mzazi au iliyowekwa na mwenzake. Akiona barua imejirudia, anaitaja kwa ujumbe na ofisi ndiyo inayoondoa.

Katika folda za wenzake hana kitu. Hii haina maana kwamba hatumwamini. Ni kwamba mtu wa Kipini hana haja ya kubeba vyeti vya kifo vya watu wa Faza ndani ya begi lake.

Katika folda ya kazi zilizokwisha ni Reviewer, ili aweze kumjibu mzazi anayeuliza maombi yake yamefikia wapi.

Dada wa ofisini ni Editor wa folda zote, kwa kuwa yuko kwenye mtandao siku nzima na kosa lake huonekana papo hapo. Owner ni wawili, si mmoja, ili mmoja akiugua au akienda Hija kazi isisimame.

Nikihitaji kupokea taarifa kutoka kwa mtu wa nje ya chama, mathalan mwalimu anayejitolea ambaye ana akaunti katika mfumo wetu, namfanya Contributor. Analeta, haoni vya wengine.

Kabla ya boti kung'oa nanga

Haya ndiyo ninayoyafanya sasa kabla mtu hajaondoka mjini, na huchukua chini ya nusu saa.

Badilisha ruhusa siku moja kabla, si asubuhi ya safari. Mabadiliko mengine, hasa ya ruhusa kamili ya sanduku, yanaweza kuchukua hadi saa moja kuenea kwenye seva.

Liongeze sanduku la ofisi katika mipangilio ya akaunti ya mfanyakazi kama sanduku la ziada. Ile njia ya kufungua folda ya mtu mwingine kupitia menyu ya faili hufungua folda za msingi tu kama kikasha na kalenda. Folda ulizotengeneza mwenyewe hazitamfikia kwa njia hiyo.

Katika mipangilio ya akaunti, hakikisha hali ya kuhifadhi nakala imewashwa, na kiboksi cha kuteremsha folda za pamoja kimewekwa alama. Kikiwa hakina alama, mfanyakazi ataziona folda vizuri akiwa mjini, na akifika kisiwani zitagoma kufunguka.

Chagua barua za muda gani zihifadhiwe. Outlook ina kipimo cha kusogeza kuanzia siku chache, mwezi mmoja, miezi 3, mwaka mmoja, mpaka barua zote. Mtu wa nyanjani hahitaji zote. Akibeba za miezi 3, bando lake litadumu, kompyuta haitakuwa nzito, na ikipotea hasara itakuwa ndogo. Faili la OST kwa kawaida lina kikomo cha GB 50, na ukilifikia kusawazisha kunasimama.

Acha kompyuta isawazishe mpaka chini ya dirisha ionyeshe folda zote ziko sawa. Usifunge kifuniko katikati.

Kisha fanya jaribio ambalo watu wengi huliruka: zima Wi-Fi, mpe mfanyakazi kompyuta, mwambie afungue barua tatu zenye viambatisho na aandike moja. Kisha mrudishe Wi-Fi, ajaribu kufuta barua isiyo yake. Ikitoweka na kwenye seva, ruhusa hazijakaa sawa. Afadhali mjue mkiwa bado mjini.

Anaporudi kwenye mtandao, asikimbilie kuzima kompyuta mara tu barua zake zinapotoka. Angoje kusawazisha kukamilike, kisha afungue Sync Issues aone kama kuna kitu kimekwama. Mwenzetu wa Kiunga hufanya hivyo kila afikapo Mokowe, akinywa chai.

Akiondoka kazini

Hapa ndipo panaponinyima usingizi.

Miaka michache iliyopita jirani yangu anayenunua kompyuta za mkono wa pili aliniletea laptopu moja nimsaidie kuisafisha. Nilipoiwasha nikakuta mwenyewe hakuondoa kitu. Outlook ikafunguka bila mtandao, na barua za ofisi fulani ya huku kwetu zikajipanga mbele yangu: majina, namba za vitambulisho, hali za magonjwa. Mwenye laptopu alikuwa ameacha kazi ile kitambo. Sina shaka ofisi yake ilimwondoa kwenye seva na ikadhani mambo yamekwisha. Nilifuta kila kitu na nikaifikishia ofisi habari. Lakini je, ile laptopu ingeangukia mkononi mwa mwingine?

Ukimfungia mtu akaunti, umefunga mlango wa seva. Nakala iliyo nje haikusikii mpaka kompyuta ile iunganishwe, na kama haitaunganishwa tena kamwe, haitakusikia kamwe. Hata amri ya kufuta simu kutoka mbali hungoja simu ile iingie kwenye mtandao. Kwa hivyo utaratibu uwe hivi: kompyuta irudi ofisini kabla ya malipo ya mwisho. Iunganishwe isawazishe, ili kazi yake isipotee. Kisha wasifu wa Outlook uondolewe, faili la OST lifutwe, na baada ya hapo ndipo ruhusa zitolewe kwenye seva. Kama kompyuta ni ya mfanyakazi mwenyewe, mfanye hayo mbele yake, kwa heshima, na mwandikiane.

Na kwa kuwa kompyuta pia huibiwa au huanguka majini, diski ifungwe kwa usimbaji tangu siku ya kwanza. Windows za ngazi ya Pro zina BitLocker kwa kazi hiyo. Paswadi ya kuingilia Windows peke yake haitoshi. Diski ikitolewa na kuwekwa katika kompyuta nyingine, faili husomeka, na programu za kufungua mafaili ya OST zinauzwa waziwazi.

Kwa ofisi zisizotumia Outlook

Ofisi nyingi ndogo zina anwani moja ya barua pepe na paswadi moja inayojulikana na kila mtu, tangu mkurugenzi mpaka kijana wa chai. Hapo hakuna ruhusa yoyote ya kuzungumzia: wote ni Owner. Mmoja akiondoka, lazima paswadi ibadilishwe kwa wote, na aliye kisiwani atafungiwa nje bila kosa. Mbaya zaidi ni pale kompyuta moja imewekwa kwa mtindo wa POP bila kuacha nakala kwenye seva. Kompyuta hiyo hubeba barua zote, na wenzake wanabaki na kikasha kitupu. Kama hamna uwezo zaidi, angalau tumieni IMAP, ambayo huacha barua kwenye seva.

IMAP nayo ina mfumo wake wa ruhusa, uliowekewa viwango vipya mwaka 2005 katika waraka uitwao RFC 4314. Kila tendo lina herufi yake: l ya kuiona folda, r ya kusoma, i ya kutia barua, t ya kuitia barua alama ya kufutwa, e ya kuziondoa kabisa zilizotiwa alama, a ya kugawa ruhusa. Seva za Dovecot na Cyrus zinaufahamu. Mwulize anayewahifadhia barua zenu kama ameuwasha. Mfanyakazi wa nyanjani apewe l, r na i, na anyimwe t na e.

Gmail inaruhusu kumkabidhi mtu mwingine sanduku lako, hadi watu 10 kwa akaunti ya kawaida. Hatari yake ni kwamba haina ngazi ya msomaji: unayemkabidhi anaweza kusoma, kutuma na kufuta. Gmail ya nje ya mtandao nayo hufanya kazi ndani ya kivinjari cha Chrome na huhifadhi barua za siku 7, 30 au 90. Katika mipangilio yake kuna chaguo la kuondoa nakala kila mtu anapotoka kwenye akaunti. Likichaguliwa, mtu akitoka kwa bahati mbaya akiwa kisiwani atabaki mikono mitupu. Lisipochaguliwa, nakala zinabaki kwenye kompyuta. Amueni kulingana na kompyuta ni ya nani.

Sheria inasemaje

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Inataka habari za mtu zichukuliwe kwa kiasi kinachohitajika na zilindwe. Habari za mtoto zina masharti yake, ikiwemo idhini ya mzazi au mlezi. Ikitokea habari zimefikiwa na asiyestahili na kuna hatari ya madhara, anayezishika anapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo.

Hesabu saa hizo 72 kwa mtu aliye Kiunga bila mtandao. Kompyuta yake ikipotea Jumatatu, huenda ofisi ikajua Alhamisi. Mfanyakazi awe na namba moja ya simu ya kupiga siku hiyo hiyo, hata kwa kuazima simu ya jirani.

Kuaminiana

Najua wapo watakaosema haya yote yanaleta ubaridi kati ya watu. Niliambiwa hivyo na mzee mmoja wa kamati yetu: "Mwanangu, sisi tunajuana baba kwa baba. Sasa mtu wetu wa Faza tumfungie folda?" Nilimjibu kwa adabu kwamba mwenzetu wa Faza ni mwaminifu, tena kuliko mimi. Alichokosa siku ile si uaminifu. Alikosa mpangilio ambao ungemzuia kukosea akiwa peke yake, bila mtandao wa kumwonyesha kwamba barua ile ilikuwa moja tu.

Zile barua si zetu. Ni za yule mama, na za binti yake, na dini yetu inatufundisha kuwa amana hurudishwa kwa wenyewe. Aliyepewa uwezo wa kufuta amana ya mtu bila kuuhitaji amebebeshwa mzigo asiouomba. Mwenzetu yule bado yuko nasi. Siku nilipompunguzia ruhusa kutoka kamili mpaka Author nilimpigia simu kumweleza, nikitarajia kununa. Akaniambia, "Kaka, hapo umenipumzisha."

Kama una ofisi yenye mtu wa mbali, fungua orodha ya ruhusa wiki hii, usome jina moja moja, na kwa kila jina jiulize kama kazi yake inahitaji kufuta.